Kimya cha Wanawake wa Migato

...na ndiyo maana nasema tulikosea, dada Mbuke. Hapana. Nilikosea mimi, na wewe hukupata muda wa kunigundua.

Nimeolewa, dada! Tulipokuzika Zagayu nilidhani sitacheka tena, na sasa niko Kasoli, mke wa Masanja, yuleyule uliyekuwa ukinitania: "Minza, kijana huyo akikohoa tu, kalamu inakudondoka." Inadondoka mpaka leo. Akirudi shambani na vumbi lake miguuni, naona kama alisafiri mwaka mzima. Nampenda mpaka nachoka. Na kuchoka kwenyewe kupo: palizi ya pamba, maji, kuni, ugali wa watu kumi na mmoja, halafu wenzangu wakipumzika mimi naweka spika za masikioni na kuisikiliza sauti yako.

Mama yako alinipa kompyuta yako na rekodi zote. Mhadhiri wako akanipigia, akasema utafiti hautatupwa. Mwenzako wa chuo ataumalizia kwa jina lako, na mimi niliyekuwa nakutafsiria Kisukuma niandike mahojiano yaliyobaki. Nilikubali huku nalia.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulitaka kujua kwa nini wanawake wengi hawamo kwenye mfumo wa kusajili wakulima wa pamba. Nikasema, "Si kwa sababu hawakusoma?" Ukacheka. "Ukienda na jibu mfukoni, Minza, utarudi nalo hilohilo. Tuwaache waseme. Nadharia itaota humohumo kwenye maneno yao." Kila walichosema tukakipa alama kwenye kijikaratasi, tukalinganisha, tukarudi kuuliza mpaka watu wakaanza kurudia yaleyale.

Kumbe mimi jibu langu nililibeba mfukoni muda wote.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa karani wa chama cha msingi kujisajili. Kashika kishikwambi chake, akanisalimu kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu. Jina la mwenye kaya?"

Mwenye kaya ni baba mkwe. Mdomo ukakataa, dada. Kwao Masanja mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hata hapa siliandiki. Nimekulia Bariadi mjini, mila hiyo niliijua kwa kusikia tu. Nikasimama pale kama mti.

"Mama, mwenye kaya wako humjui?" Foleni nzima ikacheka.

"Mashine zenu siziwezi," nikasema, nikaondoka.

Njiani nikakumbuka. Maneno hayo nilishayaandika! Yule mama wa Migato, na wenzake wengi. Ulipowauliza kilichotokea kwa karani, walinyamaza kwanza, wakachezea pindo la khanga, ndipo wakasema mashine hawaziwezi. Kimya kile nilikiruka. Nikaandika: hajui mfumo. Kijikaratasi baada ya kijikaratasi, mwandiko wangu. Na wewe uliyekulia Dar, Kisukuma chako cha salamu tu, ungejuaje?

Mwenzako ameshaanza kuandika kwamba wanawake wapewe semina. Watakaa kwenye semina, watarudi kwa karani, wataulizwa swali lilelile. Bila usajili, mbegu na dawa watazikosa tena, na juu ya kitabu cha utafiti kutakuwa na jina lako.

Wiki iliyopita nilimpigia mhadhiri. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, ndiyo maana lazima nirudi kuwauliza. Akasema mwenzako atasubiri kuandika. Sasa nasikiliza rekodi zote upya, tangu ya kwanza. Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Masanja akachukua jembe langu: "Wewe sikiliza, palizi yako naimaliza mimi." Mama yake akamwuliza, "We Masanja, umeoa au umeolewa?" Mume gani huyu, jamani!

Jumatatu nikaenda Migato. Yule mama akanitazama kitenge, akatazama pete.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa, mayu."

"Haya. Sasa kaa chini."

Akaeleza, dada: na yeye kwa karani aliulizwa jina asiloweza kulitamka. Safari hii sikuruka kitu, hata pale alipovuta pumzi. Wamebaki wengi, na kila mmoja nitamfikia.

Pumzika, dada yangu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Zagayu na Masanja, umwone. Kazi iwe imekwisha au haijaisha, nitakuja.

Wako,
Minza