Kaseti Yako Ilivyolima Shamba la Mama

S.L.P. 41,
Mafinga,
Iringa.
14 Januari 1978

Mpendwa mdogo wangu Bujiku,

Mwangaluka! Najua huko Dusseldorf hakuna wa kukuamkia hivyo, basi nimeanza mimi. Hujambo? Kifua kimezoea baridi ya Wajerumani? Hapa Mafinga nako asubuhi tunaendesha malori na makoti mawili mawili, ila mimi baridi yenyewe imenichoka. Ni mzima kama chuma. Shemeji yako Kalista hajambo, watoto hawajambo na wanakula kama mchwa. Lori nalo ni zima, isipokuwa springi za nyuma.

Barua yako niliipata pamoja na kaseti. Uliuliza jambo moja mara tatu: shamba la mama litalimwaje, maana wale maksai wake wawili wamekufa kwa ndigana, na wewe uko mbali. Jibu ninalo. Lakini usiruke mistari, soma kwa utaratibu kama mtu aliyesoma.

Kwanza kaseti. Uliandika kwamba huo ndio muziki mpya wa vijana wa huko, kwamba wanafunga kinanda cha umeme na mtambo wa kupiga ngoma, wanauacha ujipigie wenyewe, na mwimbaji hana kazi. Niliufungulia ndani ya lori kuanzia Makambako. Wewe! Mpaka Chimala ulikuwa unasema neno lilelile. Mimi niliyecheza dansi Ndola na Lubumbashi, nikajiuliza, huyu mdogo wangu kanitumia muziki au kanitumia cherehani?

Nikaja kuuelewa kiwandani kwetu. Msumeno mkubwa ukishaingia kwenye gogo la msindano unaimba wimbo mmoja kutwa. Siku ya kwanza unakuumiza kichwa. Baada ya wiki unajikuta unabeba mbao kwa mwendo wake, na ukizimwa ghafla mtu unajikwaa. Ndipo nikajua Wajerumani wako wameutoa wapi muziki huo. Wameutoa kazini. Baba zao wamesimama mbele ya mashine miaka yote, wao wamezaliwa na mlio huo masikioni. Waulize hapo, uone kama nadanganya. Darasa la sita sikulimaliza, lakini masikio yangu yana digrii.

Sasa shamba. Novemba nilifika Igurusi na mzigo wa mbao, nikamkuta mama yako, mama mdogo wangu Helena, amekaa mlangoni anaangalia mawingu upande wa Uporoto. Unaijua mbuga ya Usangu, mvua kubwa ikishafika udongo unakuwa gundi na maji yanatuama. Ambaye hajalima hapandi tena, na mwaka mzima atakula kwa jirani. Kikundi cha kulima kilikuwa tayari kumsaidia, ila hakikuwa na ngoma. Mzee Budeba, mpiga ngoma wetu, alikuwa amedondoka na baiskeli na mkono wa kulia umevunjika. Na Wasukuma sisi tunajijua, bila ngoma ya bugobogobo jembe linakuwa zito kama reli.

Mimi nikasema, ondoeni wasiwasi, nimekuja na Mjerumani.

Walicheka. Nikaenda Mbalizi dukani kwa Bushiri, nikarudi na betri mpya. Asubuhi nikajifunga redio kaseti mgongoni kwa kanga ya mama, kama mtoto, nikaingia katikati ya mstari, nikabonyeza. Mwanzoni watu waliona aibu. Kijana mmoja akaniuliza, "Kaka Seni, wimbo wenyewe utaanza saa ngapi?" Nikamwambia, "Lima, utakuja wenyewe."

Na ulikuja, Bujiku. Majembe yalianza kupanda na kushuka pamoja. Kelele zilikwisha, utani ulikwisha. Ukiusikiliza muziki ule umekaa kwenye kiti unachosha, maana unangoja kitu kipya na hakiji. Lakini mikono ikiwa na kazi hungoji tena. Kinanda kikibadilika kidogo tu, mwili mzima unasisimka, kama upepo umepita. Sikujua kama nina mgongo. Ndivyo mlivyo na nyinyi huko mnapoucheza? Kama ndivyo, basi hautaisha upesi. Wajukuu wetu watakuja kuucheza na kudai wameuanzisha wao.

Lakini kuna kitu tulikisahau wote. Wewe umelima kwa ngoma, unajua. Mpiga ngoma hutembea kinyumenyume mbele ya mstari, na ni yeye anayeuangalia mpaka. Mlimaji anaangalia jembe lake. Ngoma ikivunja pigo, mnageuka. Basi Mjerumani hakuvunja pigo, na sisi hatukugeuka. Tukavuka mpaka tukaingia kwenye matuta ya viazi ya Mama Verediana, yule Msangu jirani yenu, tukalima viazi vyake kwa mapenzi makubwa.

Alikuja na mwiko mkononi. "Nyie Wasukuma! Mmelewa asubuhi yote hii?" Nasikia alipiga kelele muda mrefu. Mimi nilimwona alipokuwa amekwisha kunizunguka mgongoni. Kwa kuwa hakujua pa kuzimia, aling'oa kifuniko, betri zikamwagika chini. Kimya. Watu walisimama na majembe wakitazamana kama wameamshwa usingizini, na mmoja akauliza hapa ni wapi.

Mama Verediana akasema hatushiki shamba la mtu yeyote mpaka matuta yake yarudi yalivyokuwa. Haki yake. Siku ikaishia kwenye kuyarudishia matuta hayo, nusu ya shamba la mama bado majani, na Uporoto inanguruma. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Seni mwanangu, sasa?" Afadhali angenigombeza.

Kesho yake alfajiri Mzee Budeba alikuja mwenyewe, mkono umefungwa shingoni. Alisema, "Huyo mgeni wenu ana nguvu kuniliko, hachoki. Ila hana macho. Nileteeni nimwongoze." Akaninyang'anya redio, mimi mwenye mali! Akaivaa kifuani, akasimama mbele ya mstari akitutazama, mkono mzima kwenye kitufe cha sauti. Akiona migongo inalegea anapunguza sauti, tunapumua. Halafu anaipandisha polepole, polepole, mpaka unatamani kulia, ndipo anaachia yote na kupiga ukelele wake wa zamani, na majembe yanaruka juu. Mpakani alizima kabisa. Bujiku, waambie hao vijana wa Dusseldorf mtambo wao unadai mtu wa kuushika, tena awe anawaangalia watu. Wakibisha, wamlipie Mzee Budeba nauli ya ndege.

Tulimaliza tone la kwanza likidondoka. Shamba lote. Mpunga umeota, sasa unafika magotini, na hata Mama Verediana ametuma ujumbe kwamba mwakani tuanzie kwake, na "yule Mjerumani" aje.

Jioni ile mama alitoa togwa. Unajua desturi, kila aliyelima hupewa kibuyu chake, na asiyelima hata akiwa mkwe hapewi. Aligawa mstari wote. Kisha akajaza kibuyu kimoja zaidi, akakiweka chini mbele ya redio. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema, "Hiki cha Bujiku. Naye amelima."

Kikatulia pale mpaka watu walipoondoka. Mwisho nikakinywa mimi kwa niaba yako, mdogo wangu. Kilikuwa kitamu. Sasa lala usingizi.

Mama Helena anakusalimu sana, na anaomba kaseti ijayo uanze kwa kusema maneno mawili kwa sauti yako, ndipo mashine iendelee. Kalista anakusalimu. Mzee Budeba anakusalimu, mkono umeunga. Mungu akufunike huko ugenini, akupe kazi nzuri na blanketi zito, na akurudishe kwetu ukiwa na meno yote.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda, dereva kuliko madereva wote wa Nyanda za Juu,

Seni