Matundu Manne Kwenye Meza ya Babu Arvid

Shamba la Brekke,
Barabara ya Coulee Kavu,
Tolson, Montana.

9 Novemba, 1998

Mpendwa Babu Halvor,

Leo ni Jumatatu, shule imefungwa kwa ajili ya theluji, nami ninaapa kwamba katika barua hii nitakueleza yote bila kuficha wala kuongeza. Utaona mbele kwamba kiapo hiki si changu peke yangu.

Kwanza, hujambo? Bibi Opal hajambo? Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Alaska? Katika kadi ya Krismasi Bibi Opal aliandika kwamba lile la kushoto linakusumbua, na tangu hapo nimekuwa nikiliulizia moyoni kana kwamba nalifahamu. Sisi huku ni wazima. Baba yuko kwenye reli mpaka Ijumaa. Mama anakohoa kidogo lakini anakana. Babu Arvid, kaka yako, ana afya njema, ila jicho la kulia lina ukungu na hapendi litajwe.

Mimi ni Marit, mjukuu wake. Hatujaonana hata mara moja, lakini nimekuita Babu kwa sababu ndivyo ulivyo.

Habari yenyewe inaanzia kwenye bunduki ya baba yenu, ile nyembamba aliyoinunua mwaka aliooa. Risasi za saizi yake haziletwi tena madukani huku. Bi Lorna Pruett, mwenye duka la zana pale Tolson, ameziagiza miaka minne mfululizo na hajaletewa hata boksi moja. Mwezi wa Agosti tulibaki na risasi saba. Babu alizipanga juu ya meza ya jikoni, akazihesabu mara mbili, kisha akasema kuna bwana mmoja wa Billings anayekusanya bunduki za zamani, na kwamba amemruhusu aje kuichukua baada ya msimu wa kulungu kuanza.

Babu Halvor, mimi nina miaka kumi na mitatu. Mwaka jana mkono ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo mwaka huu ndio ungekuwa wa kwanza kwangu. Unajua kuliko mimi kwamba kila Brekke amepata kulungu wake wa kwanza kwa bunduki ile, na kwamba chini ya bamba la chuma la kitako kuna majina yaliyochongwa. Nimeyaona. La baba yenu liko juu, halafu la Babu Arvid, halafu H.B. 1945. Halafu Baba. Chini ya Baba pana nafasi.

Basi nikasema mezani, mbele ya watu wote, kwamba tungeweza kujaza risasi zetu wenyewe, kwa kutia baruti na kichwa kipya katika maganda yaliyokwisha kupigwa.

Babu akaweka uma chini. “Nyumba hii haijazi risasi.”

Mama alinikanyaga mguu. Nilikuwa nimeisikia habari ile vipande vipande: mlikuwa mkijaza pamoja katika chumba cha chini ya nyumba, wewe na yeye, vuli ya mwaka 1971 bunduki nyingine ya Babu, si hii ya baba yenu, ikampasukia usoni kwa sababu ganda moja lilikuwa na baruti isiyokuwa yake, kila mmoja akasema ni kosa la mwenzake, yeye akaitupa mashine ya kujazia, nawe ukafungua mizani ya baruti kutoka mezani ukaondoka nayo Alaska. Hayo tu ndiyo niliyoyajua. Kovu la shavuni sikuwahi kuliuliza.

Lakini nilijua jambo jingine. Kule chini, nyuma ya mitungi ya kachumbari ya Mama, kuna mikebe sita ya kahawa iliyojaa maganda matupu ya bunduki ile. Niliyahesabu: mia mbili na kumi na mawili, yote yamefutwa, hakuna hata moja lenye kutu ya kijani. Miaka ishirini na saba Babu amekuwa akiinama kwenye theluji kuokota kila ganda.

“Babu,” nikasema, “mtu asiyejaza risasi anaokota maganda ya nini?”

“Ng'ombe wasije wakayala.”

“Ng'ombe hawapandi hadi kule mlimani unakowinda.”

“Wangu wanapanda.”

Mama akaanza kucheka, kikohozi kikamshika, na mpaka tulipomaliza kumpiga mgongoni Babu alikuwa ameshasimama. Pale mlangoni akasema, bila kugeuka, “Niletee orodha. Kila kitu na sababu yake. Sababu moja ikiwa mbovu, basi tena.”

Sikuwahi kufanya kazi ya shule kwa bidii kama nilivyoifanya orodha ile. Niliazima vitabu viwili maktabani. Niliandika barua kwa mwalimu wangu wa mafunzo ya usalama wa uwindaji, naye akanijibu kurasa mbili. Halafu Jumamosi moja tukaenda dukani kwa Bi Lorna: Babu, mimi, na Mjomba Clete, kaka yake Mama, ambaye hakualikwa lakini alikuwa na gari lenye mafuta.

Mjomba Clete akaenda moja kwa moja kwenye mashine kubwa ya buluu, ile inayozunguka, unavuta mkono mara moja na hatua zote zinafanyika kwa pamoja katika maganda matano. Akaipapasa kama farasi wa mnada.

“Hii ndiyo mashine ya wanaume. Risasi mia nne kwa saa.”

“Tunahitaji ishirini, Mjomba,” nikasema. “Kwa mwaka.”

Nikaonyesha ile ndogo ya hatua moja, iliyokuwa rafu ya chini kabisa na vumbi juu yake. Sababu yangu ilikuwa hii: kila ganda linafanyiwa jambo moja, unalitoa, unalitazama, ndipo unakwenda kwenye jambo la pili. Anayejifunza anahitaji muda wa kutazama.

“Msikieni Profesa!” Mjomba akasema. “Mpaka amalize kutazama, kulungu atakuwa amekufa kwa uzee.”

“Na wewe, Clete, ile yako ya buluu iko wapi siku hizi?” Bi Lorna akauliza kutoka nyuma ya kaunta.

“Nimeifungua kidogo. Naisafisha.”

“Tangu Pasaka?”

Mjomba akaenda kutazama glavu.

Niliendelea. Kitabu cha vipimo kwanza, kipya, si cha kuazima, kwa sababu baruti hubadilika na vitabu vya zamani havijui. Miwani ya kukinga macho, ya kwangu na ya Babu. Kalibu za saizi yetu, za kulirudishia ganda umbo lake na kukikaza kichwa cha risasi, nazo ilibidi ziagizwe, wiki tatu. Rula ya kubana ya kupimia urefu. Faneli. Kibao cha mbao chenye vishimo hamsini, ili maganda yasimame wima na mtu aangaze tochi na kuona kina cha baruti katika yote kabla ya kuyafunga. Hicho Babu alikishika muda mrefu.

Kisha akachukua kutoka rafuni mikebe miwili ya baruti, aina mbili tofauti, akaiweka mbele yangu. “Upi unaanza kuuweka mezani?”

Mjomba Clete akaacha glavu, akasogea.

“Mmoja tu,” nikasema. “Ule ulioandikwa kwenye karatasi ya siku hiyo. Wa pili haushuki hata chini. Unabaki umefungwa kabatini, na ufunguo unakuwa mfukoni mwako, Babu.”

Alitazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu ila gari la Mjomba. Halafu akamwambia Bi Lorna, “Mfungie binti mashine yake.”

Babu Halvor, nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilisema asante kama nilivyofundishwa, nikaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na ni chuma kitupu, ina uzito wa ndama.

Kitu kimoja tu hatukununua. Bi Lorna alikuwa na mizani tatu, na Babu akaikataa kila moja. Ya betri, eti inadanganya baridi ikizidi. Ya pili nyepesi. Ya tatu nzuri, lakini rangi yake haikumpendeza. Mtu aliyevaa koti moja tangu kabla sijazaliwa! Mwisho Bi Lorna akatuazima ya kwake na kuninong'oneza, “Usibishane naye, mwanangu. Utajua.”

Nilijua siku ya kwanza ya kazi. Mezani kule chini, upande wa dirisha, kuna matundu manne ya skrubu, na mbao iliyo katikati yake ni nyeupe kuliko nyingine. Nikaona ndiyo mahali palipo sawa kabisa, nikaiweka hapo mizani ya kuazima. Babu akaisogeza kushoto. Nikadhani ni bahati mbaya, nikairudisha. Akaisogeza tena.

“Hapo pana mwenyewe,” akasema.

Kisha akazima redio, akaketi juu ya ndoo, akaniambia. Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa niliyarudia kichwani hadi nilipopanda juu na kuyaandika.

“Jioni ile kulikuwa na mikebe miwili mezani na mchezo redioni. Halvor alitoka kwenda zizini, ng'ombe alikuwa anazaa. Nikabaki peke yangu. Kulikuwa na baruti iliyosalia kwenye kipimio, nikairudisha mkebeni huku nasikiliza mchezo. Nikairudisha kwenye mkebe usio wake. Si Halvor. Mimi. Niliikumbuka siku ya pili, kitandani kwa daktari, niliona kabisa mkono wangu ukimimina. Shavu lilikuwa limeshonwa, mdomo haukushonwa, na bado sikusema. Nilimwacha afunge mizigo.”

Nikauliza, “Na miaka yote hii?”

“Kila mwaka ilizidi kuwa nzito kuisema. Mwandikie. Mimi nimejaribu mara tatu, na jiko limesoma zote. Mwambie yote, na usinipambe.”

Basi sijampamba. Ndicho kiapo nilichokitaja mwanzo.

Baada ya hapo tulifanya kazi. Yeye alivuta mkono wa mashine, mimi nilipima, kwa sababu ya jicho lake, na kila kipimo nilikisoma kwa sauti naye akakirudia. Tulianza na kiasi cha chini kabisa cha kitabu. Ganda langu la kwanza nililibana vibaya likakunjamana shingo kama soksi. Babu amelitundika msumarini juu ya meza na kusema ni shahada yangu. Lakini mengine kumi na tisa yalitoka yanang'aa, Babu Halvor! Tuliangaza tochi kwenye kibao, kina kimoja, kama watoto wa kwaya. Mjomba Clete alikuja kukagua akiwa na maneno ya dhihaka tayari mdomoni, akainama, akatazama, akasema tu, “Sawa. Nijazieni na mimi.”

Kule bondeni nilipiga tano kwenye karatasi. Mkebe wa tumbaku wa Babu uliyafunika matundu yote matano. Aliuweka juu ya karatasi, akauondoa, akauweka tena.

Jumamosi ya juzi, saa mbili na nusu asubuhi, juu ya coulee ya tatu, korongo lile ambalo Babu anasema wewe ulitelezea mpaka chini ukiwa na ndoo ya maziwa, nilimpata kulungu wangu. Dume, pembe tatu kila upande. Risasi moja. Hakwenda hatua kumi. Nililia kidogo, kisha nikaacha, maana kulikuwa na kazi ya kumpasua. Babu aliinama kwenye theluji akaokota ganda, akalipuliza, akalitia mfukoni mwangu badala ya mfukoni mwake. Siku hiyo tulikula ini na vitunguu, na Babu alisali sala ndefu kuliko ya Krismasi.

Bwana wa Billings alikuja jana alasiri, ana mkanda wenye kifungo kikubwa kama sahani. Babu alimpa kahawa, akafungua skrubu mbili za bamba la kitako, akamwonyesha jina la mwisho, ambalo lilikuwa bado lina vumbi la mbao. M.B. 1998. Bwana yule akavua kofia na kusema yeye hanunui kitu ambacho bado kinaandikwa. Akanunua maboga mawili kwa Mama, akaenda zake.

Sasa nafasi iliyobaki chini ya jina langu ni ndogo, lakini inatosha jina moja la mtoto ambaye hajazaliwa.

Nisalimie Bibi Opal, na mwambie ile mikate ya viazi aliyotuandikia namna ya kuipika ilifaulu mara ya pili. Mama anawasalimu. Baba angewasalimu kama angekuwepo. Mjomba Clete anawasalimu ingawa hawajui. Mungu awalinde kwenye barafu na awape magoti yenye nguvu, hasa lile la kushoto.

Ni mimi, mjukuu wako ninayekupenda kabla ya kukuona,

Marit Brekke

Nimesahau neno moja, na ndilo Babu Arvid alilonisisitizia, amesimama nyuma yangu sasa hivi anajifanya anatafuta miwani. Ameshatia mafuta matundu yale manne na kununua skrubu mpya. Mizani ya Bi Lorna tunairudisha Alhamisi. Anasema ile yako usiitume kwa posta, kwa sababu mizani ikitikiswa haiaminiki tena, ni lazima ibebwe na mtu, mapajani, njia nzima. Basi tafadhali nijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka huko: je, utaileta mwenyewe?