Chini ya Saa Moja kwa Ndege, Lodwar hadi Marsabit

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na hapa Guangzhou, China, joto halipungui hata ikinyesha. Sasa nimetulia. Mchana sikuwa hivi.

Niandike kosa langu kwanza.

Baba ni mwalimu mstaafu, anaishi Lodwar. Dada yangu Akai yuko Marsabit, ng'ambo ya pili ya Ziwa Turkana. Aliolewa huko miaka mitatu iliyopita bila kumhusisha baba, na tangu hapo hawajasemezana. Mimi ndiye niliyepeleka salamu huku na huku, nikizitia sukari njiani. Mwezi uliopita Akai alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la marehemu mama. Nilipomwambia baba, aliuliza Marsabit ni mbali kiasi gani.

Nilikuwa Liuhua, soko la jumla ninakonunua bidhaa za kupeleka Kenya, nimesimama katikati ya marobota ya viatu. Nikatafuta kwenye simu. Ukurasa mmoja ukasema haifiki kilomita mia tatu, na kwa ndege ni chini ya saa moja. Nikamtumia hivyo hivyo. Nikaongeza: "Akai anakuomba uje."

Akai hakuwa ameomba kitu.

Leo nilikuwa Xintang, nje ya mji, kwenye karakana ya jinzi, bosi wa pale akinionyesha mishono, baba akapiga. Nikatoka hadi kwenye ngazi kwa sababu ya kelele za cherehani. Alikuwa uwanja wa ndege wa Lodwar, amevaa koti lake la suti, ameshawaaga majirani.

"Kijana wa hapa anasema hakuna ndege ya kwenda Marsabit," alisema. "Zote zinashuka kusini. Ameniuliza kama natania."

Ukurasa ule ulikuwa umepima mstari mnyoofu juu ya ziwa, basi. Sikuwahi kujiuliza kama kuna ndege inayopita hapo.

Nikaomba msamaha. Baba hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Labda si wakati wake," alisema. "Narudi nyumbani."

Nilijua akirudi hatatoka tena. Nikampigia Akai palepale kwenye ngazi, nikamweleza yote.

"Nani alimwambia namuomba aje?"

"Mimi."

Nilisikia mtoto akilia, kisha simu ikakatika. Nikarudi kwa bosi, nikashika suruali moja baada ya nyingine bila kuziona. Ndani ya treni ya kurudi mjini nilikuwa nimeshakubali kwamba nimewaharibia wote wawili.

Jioni baba akapiga tena. Amekata tiketi ya basi: Kitale, kisha Nairobi, kisha apande tena kaskazini hadi Marsabit. Siku mbili, pengine zaidi. Nikamuuliza ni nani aliyempangia safari.

"Dada yako. Amenitajia njia yote, stendi kwa stendi. Amesema nibebe sweta, Marsabit kuna baridi."

Nikaanza kumwambia kwamba nitamjulisha Akai akifika Nairobi. Akanikatiza.

"Usimwambie kitu, mama. Sasa nina namba yake."

Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu sina ujumbe wa kumpelekea mtu. Mikono inaifuata simu yenyewe. Je, nitaweza kukaa kimya siku mbili nzima?