Pesa za Nyumba Zimegeuka Milango

Machi 3

Baba, shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, vidole tu vimebabuka na gesi ya friji za watu.

Pesa za kuinunua hiyo nyumba tunayopanga nimekutumia zote leo. Mama mwenye nyumba kasema tulipane Agosti, akimaliza mirathi na wadogo zake. Tukichelewa, yule wa duka la dawa anaimezea mate. Kwa hiyo sikiliza: peleka benki, akaunti ya akiba ya kawaida. Ya KAWAIDA! Siyo ile ya kufungiwa mwaka mzima. Siyo kwa mjomba na kuku wake. Siyo kwenye godoro. Faida ikiwa kiduchu, na iwe. Nataka nikinyoosha mkono Agosti, pesa ziwepo.

Mwanao, kitinda mimba

Machi 21

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, haujahama. Benki nilienda. Binti wa dirishani akanitajia faida ya miezi mitano, nikamuuliza, hii faida au chenji ya nauli? Mbao zinapanda bei kila wiki, pesa zikae tu kama mgeni asiyejua kuaga? Usihangaike. Nimeziweka pahali mwizi hawezi kuzibeba wala mjomba wako kuzikopa.

Baba yako

Machi 29

Shikamoo. Salamu ni hizo tu. Baba, PAHALI GANI?

Mwanao

Aprili 16

Marahaba. Mbona unaandika kama unagombana na mteja? Nimenunua mbao ngumu, nimechonga milango sita na madirisha yote, kwa vipimo vya nyumba yetu. Pesa karibu zote zimo humo. Umesahau kuwa mimi seremala? Ukipitisha mkono utadhani unapapasa kioo! Na kwa kuwa mchwa hawalali, nimeshapachika kila kitu. Ile ya zamani nimepasua kuni.

Baba yako

Mei 2

Shikamoo Baba. Moyo wako mzima? Maana wangu umezima.

Nyumba YETU? Sisi wapangaji! Umempachikia mtu milango kwenye nyumba yake, kwa pesa za kuinunulia nyumba hiyohiyo! Agosti nimpe nini yule mama, bawaba? Na nani mwingine atanunua milango ile, wakati nyumba yenyewe kila tundu lina upana wake? Nimeomba zamu za ziada. Nitatuma nitakachopata. Na wewe ng'oa, uza, fanya lolote. Tafadhali, Baba.

Mwanao

Agosti 9

Mwanangu, u mzima? Mimi nacheka peke yangu.

Mama mwenye nyumba alikuja. Hata na ulizotuma, pesa hazikutosha. Nikaomba subira, akakataa, kamuuzia wa dawa. Sawa. Nikachukua bisibisi, nikang'oa vyote mbele yao, upepo ukaingia bila hodi. Bwana wa dawa akaita mafundi, kila mmoja anamwambia vipimo hivi mpaka uchonge upya. Akanirudia mpole kama maji ya mtungi. Nimemuuzia mara mbili ya nilichotumia! Pesa zako zimerudi zote, na faida ambayo benki isingekupa mpaka uote mvi. Nimeziweka akaunti ya kawaida, kama ulivyotaka. Haya, nani alikuwa sahihi?

Chumba changu kanibakizia. Kodi kapandisha kidogo.

Baba yako

Agosti 17

Shikamoo Baba. Nashukuru u mzima.

Umeshinda. Hesabu nimeirudia mara tatu nikitafuta pa kukugombeza, sikupaona. Lakini Baba, mimi sikuziweka ili ziwe nyingi. Niliziweka ili kodi ikome, uzeeke mahali ambapo hakuna wa kukugongea mwisho wa mwezi. Sasa utakuwa unalipa ulale nyuma ya mlango uliouchonga mwenyewe.

Kesho naanza kutafuta nyumba nyingine. Nikiipata nitakuonyesha. Ila nakuomba kwa heshima zote: usiipime.

Mwanao