Mama, Mpe Athumani Radhi Zako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua, au dawa ya kuchua imelituliza? Huku Mwanza mimi na baba Salma hatujambo. Salma kaota meno mawili, anang'ata kila kidole kinachomkaribia. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikimtaja Athumani tu unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Mdogo wangu yuko kwangu tangu mfungo pili. Mjomba Bakari alimwokota barabarani, akampakia basi. Unga ameacha, kila asubuhi nampeleka kliniki anywe methadoni, dawa ya kuacha unga, mbele ya nesi. Lakini kichwa chake, mama, kimeharibika. Anatia chumvi kwenye chai. Juzi alitoka kununua mkate akapotea mtaa wa pili tu, nikamkuta barazani kwa watu analia.

Daktari akatuita. Athumani ana virusi vya Ukimwi, ameniruhusu nikwambie. Alivipata kwa sindano za kuchangia, na dawa za virusi alikuwa akianza anaacha. Daktari kasema virusi huingia hadi kwenye ubongo, mwili ukipambana navyo ubongo unapata uvimbe usioonekana, unaumizwa taratibu, na unga unazidi kuuchochea. Nikauliza, tangu lini? Akasema huenda ni miaka. Hapo nikaukumbuka mkufu wako, nikalia mbele ya daktari.

Ile Idi niliyokuja, mkufu ulipopotea, ulimwapisha kwa Msahafu, na mimi ndiye niliyeushusha kabatini. Akaapa mkufu hajauona. Siku ya nne ukaukuta kwenye mfuko wa suruali yake ukifua, ukamwambia mbele ya wapangaji wote, "Toka! Radhi zangu huna, mpaka kaburini!" Ukasema la kuvunda halina ubani, nami nikakuunga mkono. Lakini mama, teja gani anaiba dhahabu akatembea nayo siku nne? Angeuuza siku ile ile, hapo hapo Ngamiani. Pengine aliuokota akuwekee, akasahau. Tulimwapisha mtu asiyekumbuka, na kosa ni letu.

Akishika dawa huenda akapata nafuu, ila daktari hakuniahidi kwamba yote yatarudi.

Mfikishie salamu mjomba Bakari huko Kigombe, Mungu amlipe, na shangazi Mwanaidi, mwambie ukili wake umefika na nimeanza kushona mkeka.

Sasa nikwambie kinachoniua. Wiki hii kila asubuhi Athumani anafunga nguo zake kwenye kikoi, ananiambia, "Da Zuhura, nakwenda zangu kwa mama." Amesahau kuwa ulimfukuza. Nikimweleza, analia kama ndiyo kwanza anasikia. Asubuhi tatu nilimweleza, mara tatu nikamfukuza kwa niaba yako. Jana nikashindwa. Nikamwambia mama kakusamehe, radhi kakupa. Akacheka, akamaliza uji wote.

Leo ameuliza tena, nami nimejibu vile vile. Mama, usiniache nikawa mwongo.

Mwanao,
Zuhura