Nililala na Mrija Mdomoni Mbele ya Baba Mkwe

Malaba, 9 Julai 1967. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu niondoke kwetu Taita.

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, maana nitapoteza mchumba kwa sababu ya usingizi. Mimi ni mpakiaji wa pamba hapa stesheni, mchana kutwa napanda na magunia kwenye mabehewa, na jioni nakwenda kufyatua matofali ya nyumba ya kumwoa Apeduno, binti wa Kiteso, mpaka majogoo wawike, na habari za matofali sijamwambia mtu yeyote wa kwao kwa sababu nataka waone nyumba imesimama. Sasa baba yake, mzee Omagor, aliniita tunywe ajono, ile pombe yao ya wimbi, watu wamezunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake mrefu, nami nikaona nimeshakubaliwa, nikavuta mara mbili, nikalala na mrija mdomoni, nikakoroma ndani ya chungu mpaka povu likamwagikia viatu vya mzee.

"Hata ng'ombe zangu zinalala," mzee alisema, "lakini sijaona moja ikilala huku inakunywa. Kijana, rudi mwisho wa mwezi. Ukisinzia tena, tafuta bibi kwenu."

Apeduno alicheka mpaka akatoka nje.

Mwenzangu Wesonga ananiambia usingizi ni mazoea tu, punda hulala amesimama na samaki hafumbi macho, kwa hiyo niuache kidogo kidogo kama mtu anavyoacha sigara, na nimejaribu, lakini juzi nilipandisha gunia nikalishusha lile lile, nyapara akaniuliza, "Boss, unapakia ama unapakua?" Kwa nini Mungu alituumba na usingizi, sisi na wanyama? Kuna dawa ya kuuondoa? Natarajia kurudi nyumbani Desemba, pamoja na Apeduno, kama mzee atakubali.

Mwambela

JIBU

Ndugu Mwambela, pole, ingawa nimecheka kama mchumba wako. Dawa hakuna, na ingekuwepo nisingekupa. Wesonga apakie pamba, ualimu haumfai. Punda husinzia wima, lakini usingizi mzito ukimshika hujilaza chini kama wewe. Samaki hafumbi macho kwa kuwa hana kope, naye hupumzika. Hata swala hulala, na simba yuko karibu. Basi jua usingizi si anasa. Wenye elimu bado wanabishana sababu yake yote ni ipi, ila mwili hujitengeneza tukiwa tumelala, na akili pia. Wewe umeinyima nafasi, ndiyo maana unashusha ulichopandisha.

Lakini kosa lako kubwa si kulala. Habari za matofali umenieleza mimi, mtu usiyemjua, na baba wa msichana umemficha! Yeye ameona mlevi mvivu tu. Angejua unakesha kwa ajili ya bintiye, angekutandikia mkeka. Na msichana aliyecheka hajakukataa, angekukataa angenuna.

Acha matofali wiki nzima kabla ya siku aliyokupangia mzee. Mchukue mtu mzima wa kazini, mwende kwa mzee asubuhi, kabla chungu hakijatolewa, umwombe radhi, kisha umpeleke akayaone matofali kwa macho yake. Akitaka kukupima baada ya hapo, kunywa bila hofu. Na gazeti hili likikufikia jioni, usisome hata habari za mpira. Kalale.