Mchaichai wa Regina

Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, sasa yamebaki matone yanayodondoka kutoka kwenye mabati.

...na ndiyo maana nasema mwenye nyumba akichoma udi kabla mnunuzi hajafika, jua kuna kitu kinanuka. Musa, mume wangu, alicheka niliposema hivyo asubuhi, akiwa ameinama anafunga viatu. Musa akicheka mimi husahau nilikuwa nasema nini. Kwa hiyo namalizia hapa.

Mimi ni dalali wa nyumba. Hapa Kampala wanatuita mabroka, kwa sauti ile ile ya kumwitia mwizi. Haya, tuiteni. Lakini mtu anayetudharau sisi hajawahi kukaa na wauzaji. Mimi nakaa nao kila wiki wakiwa wanaziandaa nyumba zao, na leo sina nguvu ya kuwa na adabu. Nawadharau.

Mtu ameishi na ufa ukutani tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno. Wiki ya kuuza ndiyo anaununulia rangi. Anaazima makochi kwa shemeji, anatundika pazia ambalo bado lina mikunjo ya dukani, anaweka maua ya plastiki juu ya friji. Mbwa anapelekwa kwa jirani. Bibi mwenye kikohozi anapelekwa kwa jirani mwingine. Kisha mwenyewe anasimama mlangoni na kuniambia kwa heshima, nyumba hii, nyabo, imejaa amani.

Amani gani, na rangi haijakauka?

Sisi tunapanga vyumba viwili Old Kampala, nyuma ya duka la zamani la Wahindi. Mlango wetu mvua ikinyesha unavimba, na Musa huusukuma kwa bega huku akiita jina langu, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia nje. Adhana ya alfajiri ikitoka kilimani, yeye huamka kwanza na kunifunika miguu. Ndoa yetu bado changa kiasi kwamba zawadi nyingine hatujazifungua. Tuna birika tatu za umeme na soketi moja. Hakuna mtu aliyeiandaa nyumba yetu hii kwa ajili yangu, na nikipanda ngazi jioni nikasikia harufu ya mafuta ya mashine kwenye shati lake (Musa anatengeneza friji), natamani kukimbia kama mtoto. Wakati mwingine nakimbia kweli.

Nimeandika hayo kwa sababu mambo ya nyumba ya Lubaga yalifichuka kwa sababu ya Musa, ingawa yeye hakuwepo.

Nyumba yenyewe iko mteremkoni, chini kidogo ya kanisa kuu. Ina vyumba vitatu, na baraza inayotazama bonde. Nakiri niliitamani. Siku ya kwanza nilisimama pale barazani nikaviona akilini viatu vya Musa mlangoni, kimoja kimelala ubavu kama anavyoviacha siku zote. Bwana Lwanga, mwenye nyumba, akadhani nahesabu vyumba.

Alikuwa mtu wa tabasamu. Alisema mkewe, Regina, amekubali kuuza, ila ana shughuli nyingi, tutamwona siku ya kutia saini. Wakati huo alikuwa amekwisha kuiandaa nyumba vizuri mno. Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda na kabati, basi, wala hakukuwa na kanga moja wala kopo la mafuta ya nywele. Kwenye ngazi za jikoni niliona madebe ya samli, yale makubwa, yamepinduliwa na udongo wake kumwagwa. Mchaichai uliokuwa umepandwa humo alikuwa ameung'oa na kuutupa kando ya uzio. Akaniambia madebe yanaonyesha umaskini, mnunuzi hapendi.

Mchaichai wenyewe ulikuwa bado mbichi. Nilichukua fundo moja lenye mizizi, nikalitia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikaenda nalo nyumbani. Sikuwa na wazo lolote la maana. Musa anapenda chai yenye mchaichai, hilo tu.

Sasa, sheria yetu inataka mke akubali kwa maandishi kabla nyumba wanayoishi haijauzwa. Sheria nzuri. Ndiyo maana wanaume siku hizi wanaazima mke kama wanavyoazima suti. Ofisini kwetu Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha, nimeona mke aliyemuuliza mumewe jina lake la pili. Kwa hiyo nina utaratibu wangu: mke aje na mtu mmoja wa upande wake. Kaka, shangazi, yeyote wa kwao. Bosi wangu anauchukia utaratibu huo. Anasema ninauza nyumba au ninafungisha ndoa? Tangu niolewe ananiita bibi harusi, na hasemi kwa upendo.

Mnunuzi alikuwa Mama Chantal, Mkongomani anayeuza vitenge mjini, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyechoka kupanga. Kila mara akiingia nyumba ya watu husema hodi hata kama haina mtu. Nilimpenda kwa hilo. Yeye na mimi tunaelewana kwa Kiswahili. Kwetu mimi ni Mnubi wa Bombo, babu wa baba yangu alikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, na nyumbani Kiswahili na Kinubi vinakula sahani moja. Kumbe Bwana Lwanga alikuwa ametupima sote wawili kwa kipimo hicho. Nitafika huko.

Jumatano tukakutana palepale nyumbani kwake ili watie saini. Udi ulikuwa unafuka. Makochi ya kuazima yalikuwa yamepangwa. Mke alikuwepo, mwanamke mwembamba, mkimya, anayetazama vidole vyake. Kitambulisho kilikuwa kimepotea, wakaleta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na wa upande wake alikuwepo. Bwana Lwanga alimtambulisha kwa fahari: "Mama mzazi wa Regina, mama mkwe wangu."

Mama mwenyewe alikuwa amevaa gomesi ya zambarau, lile gauni la Kiganda lenye mabega yaliyosimama. Alikuwa ameketi kwenye kochi, karibu na Bwana Lwanga kabisa, magoti yanakaribia kugusana. Chai ikaletwa. Yeye akapewa kikombe mkononi, na Bwana Lwanga ndiye aliyempa.

Nikakitazama kikombe kile, nisijue kwa nini.

Kisha mama akasimama kumpisha Mama Chantal apite, na mshipi wa gomesi ukafunguka, ukaanguka sakafuni. Bwana Lwanga akauokota, akampitishia kiunoni, akapiga magoti mbele yake na kumfunga fundo. Mama akamgonga kisogoni kidogo, akamwambia asikaze sana, hajawahi kujua kufunga tangu alipokuwa mdogo.

Hakuna aliyeshtuka. Mama Chantal alikuwa anatafuta kalamu mkobani.

Mimi nilimwona Musa.

Siku ya kwanjula, Musa alipokuja kwetu Bombo na wazee wake kujitambulisha, mama yangu alifurahi hadi akasahau kwamba anaoza kwa Waganda. Alitoka jikoni mikono wazi ili amkumbatie mkwe wake. Musa alipoona hivyo, na kanzu yake na koti lake jipya, alikimbia. Alizunguka nyuma ya pikapu iliyoleta soda, akachuchumaa huko. Mama akadhani amemkataa binti yake. Shangazi zake Musa ndio waliomweleza: kwa Waganda mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hakai naye kiti kimoja, hata kumpa kitu mkononi ni aibu, huweka chini, mama akaokota mwenyewe. Anakimbia kwa sababu anamheshimu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo wanasalimiana mmoja akiwa nyuma ya pazia, na Musa huniuliza kwa siri kama mama amependa sukari aliyompelekea.

Nakupenda, Musa, na koti lako lenye vumbi la tairi.

Basi nikakiweka kikombe changu chini. Nilimuuliza Bwana Lwanga, polepole, kama huyu kweli ni mama mzazi wa mke wake. Akasema ndiyo, nyabo, ndiye aliyenipa Regina.

"Mume wangu naye ni Mganda," nikamwambia. "Siku mama yangu alipotaka kumshika mkono, alijificha nyuma ya gari. Wewe mkwe wako umemfunga mshipi."

Nilitegemea nini? Labda aibu. Labda yule mama ajifunike uso. Bwana Lwanga alibaki na tabasamu lake, limemganda pale kama pazia la dukani. Yule mwembamba akaanza kulia kimya. Mama ndiye aliyesema, kwa Kiganda, wala hakumtazama mtu mwingine ila mwanawe:

"Nilikwambia tumlete Kato ajifanye kaka wa Regina. Wewe ukasema hawa ni Waswahili, hawatajua."

Mama Chantal akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, sikupunguza hata kidogo. Akaifunga kalamu yake, akairudisha mkobani, akatoka. Mlangoni aligeuka akasema, "Asante kwa chai, mama wa watu," akashuka ngazi bila kuharakisha.

Kwa hiyo hiyo ndiyo hesabu aliyotupigia. Mkongomani mmoja na Mnubi mmoja, vilugha vyetu vya sokoni, tutajua nini kuhusu mila za watu wenye mila? Akamvalisha yule mwembamba, ambaye nilikuja kujua ni dada yake, jina la mkewe, akamvalisha mama yake ukwe, na katika kuiandaa nyumba yote ile, rangi, udi, makochi, hakukumbuka kuandaa mikono yake mwenyewe. Mikono ilimjua mama yake. Namdharau hata kwa kosa lake. Lingekuwa ni upendo kama lisingekuwa ni wizi.

Bosi alipoambiwa hakuniuliza nimejuaje. Alisema, bibi harusi, ungenyamaza tu, sasa atamtafuta broka mwingine.

Na hapo alisema kweli, nami nikaogopa. Wapo wengi wasioomba mtu wa upande wowote.

Alhamisi nikarudi Lubaga bila kuaga. Mama anayeuza mkaa mkabala na nyumba ile alinitazama kwanza kama broka anavyotazamwa. Nilipomuuliza Regina yuko wapi, akaniuliza mimi nataka nini naye. Nikamweleza yote. Akafunga gunia lake akanipa namba ya simu. Regina yuko kwa mama yake, upande wa Masaka. Amejifungua. Alikwenda kulelewa na mama yake kama wazazi wapya wanavyofanya, aogeshwe, anyweshwe uji, alale. Mumewe alimpandisha basi yeye mwenyewe na kumwambia asiharakishe kurudi.

Asiharakishe kurudi.

Nilimpigia nikiwa nimekaa kwenye ngazi zetu, na Musa nyuma yangu amenishika mabega. Nilisikia mtoto kwanza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikimwomba radhi kwa habari ambazo hazikuwa zangu. Kisha akasema mama yake mzazi hajawahi kukanyaga sebule ile tangu waoane, akija humalizia barazani. Halafu akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ambayo natamani nisingeisikia.

"Na madebe yangu? Mchaichai wangu ameung'oa?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia fundo moja ninalo.

Ndipo alipolia. Habari za nyumba nzima alikuwa amezisikia macho makavu.

Jana kaka yake Regina alikuja mjini na cheti cha ndoa. Nikamsindikiza ofisi ya ardhi, akaweka zuio kwenye nyumba ile. Sasa hakuna broka atakayeiuza bila Regina mwenyewe kuketi mbele yake, hata wachome udi wa nchi nzima. Sijui watakavyoishi wale wawili. Kaka yake anasema wazee wataitwa. Wazee waitwe. Ningependa nimwone Bwana Lwanga siku hiyo mbele ya mkwe wake wa kweli, akitafuta pikapu ya kujificha.

Leo mvua ilipoanza nilimwuliza Musa, ukichoka nami utauza vyumba vyetu viwili vya kupanga nikiwa sipo? Nilikuwa natania. Hakucheka. Aliweka birika chini akasema, siku nikikufungia virago, mama yako anishike mkono mbele ya watu. Nimeolewa na mshairi wa friji, jamani. Mnisamehe.

Na mchaichai? Niliupanda kwenye ndoo iliyopasuka, kando ya mlango unaovimba. Nilidhani umekufa, majani yote yalikuwa yamekauka. Nimetoka sasa hivi kuuangalia na taa ya simu, kuna chipukizi katikati, fupi, kijani kabisa. Musa kaniambia tusinywe hata jani moja.

Kwa hiyo Regina, kama ujumbe niliokutumia haujafika na kwa bahati unasoma huku, usifanye haraka ya kusafiri na kichanga. Pumzika. Nimetafuta debe la samli, kubwa, la aina ile ile. Kabla mwezi mwingine haujaandama tutapanda basi la Masaka, mimi na mume wangu, na hilo debe nitalipakata mwenyewe. Musa atasubiri nje mpaka mama yako amweleze pa kukaa.